Wageni Wenye Kofia

Wa kwanza kuja na kofia alikuwa fundi viatu, na Kinyozi hakumtilia shaka. Ilikuwa kofia ya sufu, imevutwa hadi kwenye nyusi, na nje jua linawaka kama limelipwa. Fundi viatu aliketi, akajifuta jasho, akauliza hali ya mguu wa mgonjwa.

"Vua hiyo kofia upate hewa, ndugu yangu."

"Aa, mafua, Fundi. Yamenikamata vibaya."

"Mafua ya kiangazi?"

"Hayo ndiyo mabaya zaidi."

Wa pili alikuwa dobi, naye kavaa kapelo ya mwanawe iliyombana hadi mishipa ikamtoka kwenye paji la uso. Wa tatu, muuza magazeti, aliingia amejitanda taulo kichwani kama mtu aliyetoka kuoga, akakaa nalo mpaka akaaga. Hapo Kinyozi akashtuka. Mafua gani haya yanayochagua wateja wangu tu? Dirisha la sebule yao, huko ghorofani, lilitazama barabara moja kwa moja, na muuza magazeti alipotoka mlangoni chini alilivua lile taulo akalitupia begani. Kisogo kikang'aa. Kilikuwa kimenyolewa jana au juzi, tena kwa mkono ambao haukuwa wa Kinyozi.

Kinyozi alilalia kochi, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya stuli, umefungwa gango kuanzia pajani hadi karibu na kifundo. Siku ile ya balaa alikuwa anatoka dukani kwake na beseni la maji machafu, akateleza kizingitini, mwili ukaenda huku na goti likaenda kule. Alisikia mlio kama wa shuka kuukuu inayochanwa. Alipojaribu kuinuka, mguu ukagoma. Unauambia nyooka, wenyewe unakutazama tu. Hospitali walisema kano linaloshika pia ya goti limekatika, wakalishona, wakamwambia mguu ukae umenyooka mpaka kano lishike, kisha ufundishwe upya kujikunja kama wa mtoto.

Mwanzoni watu walijaa. Mtu akiunyoa mtaa mzima tangu ujana wake, akiugua mtaa mzima unamjia. Mkewe aliazima viti kwa jirani, machungwa yakarundikana mezani, vicheko vikasikika hadi chini. Kinyozi alikuwa mfalme wa kochi. Na ufalme, jamani, humlevya mtu.

Ndipo alipoingia fundi cherehani, kichwa wazi, maskini, hana hili wala lile.

"Hee!" Kinyozi akadakia kabla hata ya salamu. "Nani kakutenda hivyo?"

"Yule kijana aliyekushikia duka."

"Alikunyoa, au mligombana? Hebu geuka. Geuka watu waone! Huyu kakwanguliwa kama sufuria la ubwabwa!"

Sebule ikaangua kicheko. Fundi cherehani naye akacheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Alikaa kidogo, akasema ana nguo za watu, akaondoka. Kesho yake mtaa wote ukawa umeshajua kwamba Fundi anakagua vichwa akiwa kochini. Sasa watu wafanyeje? Nywele hazisubiri mgonjwa apone. Na kwenda kumwona mgonjwa ni lazima. Basi wakavaa kofia.

Halafu hata wa kofia wakakoma.

* * *

Nyumba ikawa kimya. Mkewe alifanya kazi ya kufua na kukunja mashuka katika nyumba ya kulala wageni, akitoka asubuhi na kurudi jioni mikono imekunjamana kwa maji. Tangu mumewe aanguke alichukua na zamu ya mwenzake, kwa hiyo alirudi amechoka hata kuongea. Binti yao mmoja aliolewa mbali; akipiga simu huuliza, "Baba, unafanya mazoezi?" na Kinyozi hujibu, "Sana," huku mguu umelala pale pale kwenye stuli.

Kutwa alitazama barabara. Watu wengine wakiangalia chini kutoka ghorofani huona mavazi, huona mizigo. Yeye aliona utosi. Alivijua vichwa vya wateja wake mmoja mmoja: hiki kina kovu la utotoni, hiki kimeanza upara kwa nyuma na mwenyewe hajijui. Mwanzoni vyote vilikuwa vyake, kazi ya mikono yake, ila vimeota. Kisha siku hadi siku vikabadilika, kimoja baada ya kingine, mpaka barabara nzima ikapita chini yake na hakuna kichwa hata kimoja alichoweza kusema hiki nilikinyoa mimi. Siku hiyo alilia. Alilia kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Yule aliyemshikia duka walimwita Mgeni, kwa kuwa alihamia mtaani karibuni. Alikuja mara moja tu kumjulia hali, na papai mkononi. Kinyozi alimtambua kwa sauti pale mlangoni, akafumba macho akaanza kukoroma.

"Amelala," mkewe alisema kwa aibu, maana alijua.

"Usimwamshe, mama. Mwambie nimemsalimu. Mwambie mashine zake nazisafisha kila jioni, nazipaka mafuta. Na mwambie mwenye duka, yule anayempangisha chumba, alipita. Anasema kiti hakiwezi kuwa cha watu wawili. Mwisho wa mwezi anataka kujua ni cha nani."

Kilikuwa kiti kimoja tu. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja, kioo kimoja, na benchi la wanaosubiri. Kinyozi aliendelea kukoroma, lakini kila neno alilisikia.

* * *

Chumba cha mazoezi hospitalini kilikuwa na vitanda vyembamba na ngazi ya mbao ya vidato vichache ambayo haikwenda popote. Unapanda, unageuka, unashuka. Aliyekuwa anamshughulikia ni mwanamke mdogo kuliko binti yake, mwenye vidole vigumu na maneno machache. Gango lilikuwa limeshaanza kufunguliwa kwa ajili ya mazoezi.

"Kunja, baba."

Kinyozi akakunja, akasaga meno, akaishia hapo.

"Ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho."

"Mwisho wako au wa goti?"

"Goti haliongei, dada."

"Linaongea. Wewe ndiye unayelisemea." Akalikamata akalisukuma kidogo tu, na Kinyozi akamwita marehemu mama yake. "Umeona? Bado nafasi ilikuwepo. Nyumbani hufanyi."

"Nafanya."

"Baba, paja lako limesinyaa kama la kuku. Paja la mtu anayefanya mazoezi halidanganyi."

Kinyozi akatazama ukutani. Angemwambiaje huyu mtoto wa watu? Kwamba goti linauma, lakini si maumivu yanayomshinda. Kinachomshinda ni kuinua mguu peke yake ndani ya nyumba tupu, aushushe, auinue tena, bila hata mtu wa kumwambia pole wala hongera. Alimwuliza lingine.

"Kazini nitarudi lini? Yangu ni ya kusimama."

"Kutwa?"

"Kutwa. Na kumzunguka mtu."

Akatikisa kichwa. "Hiyo bado sana. Tembea, kunja, nyoosha, kwanza uache magongo. Ukilikimbiza kano likakatika tena, watashona juu ya mshono, na huo mguu utabaki wa kuegemea tu maisha yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na ngazi za kwenu, unazikumbuka? Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mbovu ndio unatangulia."

"Kama maiti na wafiwa, mfu mbele, wazima nyuma," Kinyozi alisema, akitaka kumchekesha. Hakucheka.

* * *

Jioni hiyo mkewe alimkalisha kwenye stuli bafuni, mguu nje ya mlango, akamsugua mgongo. Mwanamume mzima, fundi anayeitwa fundi na wakubwa na wadogo, anaogeshwa kama mtoto na mguu wake uko koridoni. Kila mara alipofika hapo aliona haya, akaanza maneno.

"Watu wa mtaa huu hawana shukrani. Nimewanyoa mpaka siku za harusi zao. Mbona hawaji tena?"

"Watakujaje?"

"Kwa miguu yao. Si wanayo?"

Mkewe akaacha kusugua. "Nikuambie ukweli au nikuogeshe?"

"Niambie."

"Mtu akiingia hapa, macho yako hayaanzii usoni kwake. Yanaanzia kisogoni. Mwenzio amekuja kukupa pole, wewe unamkagua kama kitambaa cha dukani. Yule fundi cherehani ulimdhalilisha mbele ya watu. Mkewe amenieleza. Alijifungia ndani."

"Ulikuwa utani ule!"

"Utani wa mgonjwa nani ataujibu? Angekwambia nini, na wewe umelala hapo na mguu juu? Mgonjwa hajibiwi. Ndiyo maana wameamua kunyamaza huko huko."

Kinyozi akatazama maji yakienda tunduni. "Basi walitaka nifanyeje? Nifurahie kazi yangu kuchukuliwa?"

"Sijui, mume wangu. Mimi najua kwamba natoka hapa asubuhi nakuacha peke yako, na nikirudi nakukuta peke yako, na huko kazini nakunja mashuka ya watu nalia." Akachota maji akammwagia kichwani. "Na hicho kichwa chako chenyewe. Tazama kilivyoota. Sabuni haifiki."

"Kinyozi hajinyoi."

"Sawa, hajinyoi. Hakuna aliyesema asinyolewe."

Alikaushwa, akavishwa shati, akarudishwa kochini kwake.

* * *

Mwalimu mstaafu alikuja bila kofia. Alipanda ngazi akihema, akasimama mlangoni na nywele zake nyeupe zimetimka pande zote, ndevu zimemwagika kifuani, na usoni ana fahari ya mtu aliyeshinda mtihani.

"Tazama!" alisema. "Sijaguswa."

Kinyozi alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu watu wakome kuja, alijiinua kochini kwa furaha.

"Mwalimu! Umekuwa kichaka!"

"Watoto wananiita simba. Jirani ameniuliza kama nimefiwa. Nikawaambia, kichwa hiki kina mwenyewe, na mwenyewe yuko kwenye matibabu. Nimesomesha mtaa huu uaminifu miaka yote, leo mimi ndiye niende kwa mwingine?"

Wakacheka, wakanywa chai, wakala machungwa. Walikaa mpaka kivuli cha dirisha kikahama. Kinyozi alijisikia mtu tena. Kisha Mwalimu akakohoa.

"Jumamosi shule yangu ya zamani wana sherehe. Wameniomba nihutubie. Lakini usijali. Nitapanda jukwaani hivi hivi."

"Hivi hivi?"

"Bora nionekane mwendawazimu kuliko nikuvunje moyo."

Huo ulikuwa ndio wakati wa kusema ukweli, au wa kumwambia mzee huyo nenda kwa Mgeni kwa amani. Lakini ikiwa hata Mwalimu angeenda, angebakiwa na nani? Huyu mmoja tu ndiye aliyemshikilia asizame.

"Jumamosi asubuhi njoo dukani," Kinyozi alisema. "Daktari ameniruhusu."

Na mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Mwenye duka angeona. Mtaa ungeona. Tangu siku hiyo alifanya mazoezi kama mtu anayedaiwa: akainua mguu, akaushusha, akaliburuta goti mpaka machozi yakamtoka. Mkewe alifurahi, akadhani maneno ya bafuni yameingia.

* * *

Jumamosi mkewe alikuwa kazini. Kinyozi alishuka ngazi peke yake, mguu mbovu ukitangulia, magongo yakigonga kila kidato, akavuka barabara jasho likimtiririka ndani ya shati.

Alipoingia dukani, mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa. Benchi lilijaa: fundi viatu, dobi, fundi cherehani, wote vichwa wazi, wote macho chini. Mgeni alikuwa anafagia nywele. Alisimama, akakikung'uta kile kiti kwa taulo.

"Karibu, Fundi. Kiti chako hiki."

Hakukuwa na kejeli, na hilo liliuma zaidi. Mashine zilipangwa vile vile alivyoziacha, zinang'aa. Mwalimu aliingia nyuma yake, akaketi, akafungwa shuka. Kinyozi akaegemeza magongo ukutani, akashika mashine, ikanguruma mkononi mwake. Ee, raha iliyoje! Mkono haukusahau kitu. Nywele nyeupe zilianguka kwa mafungu, upande wa kushoto wote ukatoka safi, na watu wa benchini wakaanza kunong'ona kwa kupendezwa.

Sasa ilibidi azunguke. Ukinyoa kisogo na upande wa kulia, sharti uhame, uzito uuhamishie mguu mwingine. Akahama. Paja likaanza kutetemeka. Alilisubiri litulie, halikutulia. Tetemeko likapanda kiunoni, likafika mkononi, mashine ikacheza juu ya sikio la Mwalimu. Chini ya pia ya goti kitu kikavutika, kama uzi unaotaka kukatika, na maneno ya yule mwanamke wa mazoezi yakamjia yote kwa pamoja. Akazima mashine.

"Pumzika, Fundi," Mwalimu alisema. "Tuna muda."

Alipumzika akiwa ameegemea ukuta. Akajaribu tena. Hata hatua moja haikutoka. Benchini watu walitazama viatu vyao, na fundi viatu alivitazama zaidi ya wote.

Mwalimu akajifungua shuka mwenyewe, akasimama. Nusu ya kichwa ilikuwa laini, nusu kichaka, na ndevu zimening'inia upande mmoja.

"Basi tutamalizia siku nyingine," alisema. "Mimi nakwenda."

"Unakwenda wapi, Mwalimu?"

"Kuhutubia."

"Na nusu kichwa?"

"Waseme watakalo. Kwa mwingine sikai."

Na angekwenda kweli, mzee huyu. Angepanda jukwaani mbele ya watoto wakamzomea, kisha angerudi nyumbani kwake kusubiri, na nywele zingeendelea kuota. Kinyozi alimpenda kupita kiasi, na papo hapo akaona uchungu wa kile alichokuwa anakifanya. Alitaka mtu mmoja duniani abaki mpweke pamoja naye.

"Mwalimu, kaa."

"Fundi..."

"Kaa chini. Nimekunyoa miaka yote hujawahi kunibishia, usianze leo." Akamgeukia Mgeni, akamnyooshea mashine. "Malizia."

Mgeni hakuipokea mara moja. "Nimalizieje, Fundi?"

"Kama unavyojua wewe. Na mwenye duka akija, mwambie kiti kina mtu."

Mgeni akaipokea kwa mikono miwili. Mwalimu akaketi, midomo ameibana kama mtoto aliyeonewa, akainamisha shingo.

Kinyozi akabaki amesimama katikati ya duka. Pa kwenda palikuwa pawili. Kule ghorofani lilikuwepo kochi, na stuli, na dirisha. Alilifikiria lile kochi, akaliogopa. Fundi cherehani, bila kuinua macho, akasogea kidogo, pakapatikana nafasi. Kinyozi akachukua magongo yake, akaijongea, akaketi taratibu, mguu ukiwa umenyooka mbele ya watu wote.

"Nilikukosea," alimwambia kwa sauti ndogo.

"Mguu unaendeleaje?" fundi cherehani akauliza.

"Unagoma."

"Utakubali tu."

Dobi akauliza kama ni kweli mtu akishonwa kano hutiwa uzi wa viatu. Fundi viatu akasema ingekuwa uzi wake, lisingekatika milele. Wakacheka, kwanza kidogo kwa kuogopa, kisha sawasawa. Kinyozi hakuwahi kulikalia benchi hilo maishani mwake. Hakujua kwamba ukiwa hapo unauona uso wa anayenyolewa, kupitia kioo. Alimwona Mwalimu akitoka polepole katika kile kichaka, upande wa kulia ukilingana na wa kushoto. Kazi ilikuwa nzuri. Iliuma, nayo ilikuwa nzuri.

Mlango ukafunguka. Akaingia mtu ambaye Kinyozi hakumjua, wala yeye hakumjua Kinyozi. Akaangalia kiti, akaangalia benchi lililojaa.

"Habari zenu. Nani wa mwisho hapa?"

Watu wote wakamtazama Kinyozi. Mashine ikapunguza kasi juu ya kichwa cha Mwalimu.

"Mimi," Kinyozi alisema, akayavuta magongo yake upande ili yule bwana apate pa kukaa.